Usambara kwa Baiskeli: Mwongozo wa Barabara za Vumbi Zisizo na Magari

Kwenye barabara kuu zetu mwendesha baiskeli hapati nafasi ya kutazama nchi. Masikio yote yako nyuma yakisikiliza lori, macho yako ukingoni mwa lami yakitafuta pa kukimbilia basi likija kwa fujo. Usambara Magharibi, mkoani Tanga, hali ni nyingine. Ukishaiacha lami ya Lushoto na kushika barabara za vumbi za kuelekea Shume, Rangwi na Mtae, unaweza kwenda muda mrefu ukipishana na bodaboda mojamoja tu. Unasikia cheni yako ikizunguka, na watu wakisalimiana kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua kuendesha baiskeli lakini hujawahi kukaa siku nzima kwenye barabara ya vumbi mlimani. Si lazima uwe mwanamichezo. Unahitaji baiskeli yenye gia nyepesi, tairi pana na breki za kuaminika. Juu ya hayo, elewa jambo moja tangu mwanzo: barabara isiyo na magari ina wenyewe. Ndiyo njia ya mwanafunzi kwenda shule, ya mama anayetoka kuchanja kuni, ya mzee anayeswaga ng'ombe wawili kwenda mtoni. Ukilishika hilo, mengine yote utajifunza njiani.

Anzia juu, si Mombo

Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo, na yapo yanayopanda moja kwa moja hadi Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami kupitia Soni, na unapanda kutoka mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari hadi kama mita 1,400. Ni barabara nzuri kuitazama kutoka dirishani, lakini ni nyembamba, kona zake ni kali, na mabasi na magari madogo ya abiria hayaishi. Ipande kwa gari. Nguvu zako zihifadhi kwa barabara za juu.

Kabla ya kupakia baiskeli kwenye buti la basi, toa gurudumu la mbele ulifunge kwenye fremu kwa mpira, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na hakikisha upande wa cheni unatazama juu. Kile kikono cha nyuma kinachohamisha gia kikigandamizwa na magunia hupinda, na gia zitakusumbua safari nzima. Kubaliana na kondakta malipo ya mzigo kabla hujapanda, na simama hapo mpaka uone baiskeli imewekwa juu ya mizigo mingine.

Chagua miezi yako

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Udongo wa Usambara ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukiloa huteleza, na mbaya zaidi hunata: hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari.

Juni na Julai kuna baridi ya kweli. Usiku joto hushuka hadi kukaribia nyuzi 10, na asubuhi ukungu hukaa msituni mpaka jua lipate nguvu. Mtu wa Tanga mjini au Dar huja na fulana moja, akajuta. Chukua koti jepesi la kuzuia upepo hata kama jua linawaka, kwa sababu utapanda ukitoka jasho na kuteremka dakika 20 bila kuzungusha pedeli, na hapo ndipo baridi humpata mtu.

Mvua ikinyesha usiku, usiondoke alfajiri. Kunywa chai, subiri jua lipige barabara saa mbili tatu. Ikikukuta njiani, bakia kwenye barabara iliyomwagwa changarawe na uache vijia vya msituni kwa siku nyingine. Weka kijiti mfukoni cha kukwangua tope. Ukilazimisha gurudumu lililojaa tope lizunguke, utakata cheni au kuvunja kikono cha gia.

Baiskeli inayofaa

Kuna baiskeli zilizotengenezwa mahsusi kwa barabara za changarawe, zenye usukani uliojikunja kama za mashindano na tairi pana. Ni nzuri, lakini usizisubiri. Baiskeli ya milimani iliyotumika, ile ya mtumba yenye fremu nzima, itafanya kazi hiyo vizuri. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni gia. Gia yako nyepesi kuliko zote iwe ile ambayo gia ya mbele ina meno sawa na ya nyuma au pungufu. Kwa mfano 34 mbele na 34 nyuma, au 32 mbele na 36 nyuma. Kuna vipande vya barabara huku vinavyopanda mita 10 na zaidi kwa kila mita 100. Ukiwa na gia nzito utasukuma baiskeli kwa mkono.

La pili ni tairi. Usije na tairi chini ya milimita 40 kwa upana. 45 hadi 55 ni bora zaidi. Upepo usijaze sana. Tairi iliyokazwa kama jiwe hurukaruka juu ya mawe, hukuchosha mikono na hupoteza mshiko kwenye kona. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya milimita 45 yenye tyubu, psi 35 zinatosha. Kwa tairi pana za milimani, 28 hadi 30. Ukishusha chini ya hapo, jiwe likigonga litaibana tyubu kwenye rimu na kuikata matundu mawili kwa mpigo.

La tatu ni breki. Mteremko wa kilomita kadhaa huipasha breki moto sana. Kama breki zako ni za kubana rimu, vipande vya mpira viwe vipya na waya usiwe umechanikachanika. Kama ni za diski, angalia unene wa vibao vyake kabla ya kuondoka nyumbani.

Na hili la vipuri lisikilize vizuri, maana huwakwamisha wengi. Maduka ya vijijini yana tairi na tyubu za baiskeli kubwa nyeusi za mizigo, zile za kina Phoenix. Nyingi huandikwa inchi 28, na mtu husema basi hiyo itaingia, kwani na yangu ni 28. Geuza tairi usome namba ndogo ubavuni. Ya baiskeli ya mizigo husomeka 40-635. Ya baiskeli ya kisasa ya changarawe huishia na 622. Namba hiyo ya pili ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita, na tofauti ya milimita 13 inatosha kuifanya tairi isikae kabisa. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 huishia na 559, na hiyo ndiyo yenye bahati ya kupata tairi kwenye maduka mengi. Kama yako ni 622, beba tyubu mbili za akiba na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani iwapo tairi itachanika.

Mdomo wa tyubu nao ni hivyohivyo. Ukiwa na tyubu zenye mdomo mwembamba, pampu ya fundi wa kijijini haitaushika. Kuna kiunganishi kidogo cha shaba kinachouzwa bei ndogo mjini. Kifunge moja kwa moja kwenye mdomo wa tyubu na ukiache hapo.

Njia tatu, kutoka nyepesi hadi ngumu

Siku ya kwanza nenda Irente. Ni kilomita sita hivi kutoka Lushoto mjini, unapanda taratibu kati ya mashamba na nyumba, mpaka ukingo wa mlima. Hapo ardhi inakatika ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, ni tambarare ya Mazinde, na mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari. Njiani kuna shamba la Irente wanakotengeneza jibini na jamu. Nunua mkate, keti, kula. Safari hii fupi ina kazi yake. Kwenye mita 2,000, ambako utafika kesho, hewa ina uzito kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na mwili uliotoka usawa wa bahari unahitaji siku ya kuzoea.

Siku ya pili ingia msitu wa Magamba. Utapanda kwa lami kwanza hadi kijiji cha Magamba, kisha ushike barabara ya vumbi inayoingia hifadhini. Hifadhi hii ya mazingira asilia ina zaidi ya hekta 9,000 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Lipia kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali, tunza risiti, na chukua mwongoza njia; njia zinazogawanyika humo ndani ni nyingi na ramani ya simu haizijui zote.

Ndani ya msitu barabara hubadilika. Udongo unakuwa mweusi na laini, majani yanafunika mawe, na kivuli ni kizito kiasi kwamba ukitoka juani macho huchukua muda kuona shimo. Punguza mwendo kabla ya kivuli. Kuna miti mikubwa ya mkulo na mimea ya jamii ya jimbi iliyosimama kama miti. Ukisikia mngurumo mfupi unaokwaruza juu ya matawi, simama: ni mbega, na ukitulia utaona mkia wake wenye ncha nyeupe ukining'inia.

Siku ya tatu na ya nne ni safari ya Mtae. Ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto, kupitia Lukozi na Rangwi, nawe igawe mara mbili. Rangwi kuna nyumba ya masista wanaopokea wageni. Wapigie simu mapema. Mtae iko juu ya mgongo mwembamba wa mlima, mabonde huku na huku, na kule chini ni nyika ya Mkomazi inayokwenda hadi mpaka wa Kenya. Ukibaki na nguvu, sogea kijiji cha Mambo kilicho jirani uone nyika hiyo kwa upande mwingine.

Lami inazidi kusogea milimani mwaka hadi mwaka, na kwa wakulima hiyo ni heri kubwa. Kwa hiyo usitegemee ramani ya zamani. Waulize madereva wa bodaboda stendi ya Lushoto lami imeishia wapi na daraja gani limekatika. Waulize pia siku ya gulio, hasa la Lukozi. Kabichi, karoti na viazi vya milima hii hushushwa kwa Fuso, na siku hiyo barabara haina utulivu ulioufuata. Panga kuwa msituni siku ya gulio, na barabara kuu ya vijiji uipite siku nyingine.

Hesabu milima, usihesabu kilomita

Kwenye lami tambarare mtu wa kawaida huenda kilomita 20 kwa saa bila taabu. Huku tarajia 8 hadi 12. Siku ya kilomita 40 yenye mita 1,000 za kupanda ni siku iliyojaa, hata kama kwenye karatasi inaonekana ndogo. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwenye mabonde giza huingia mapema zaidi. Ondoka saa moja asubuhi, na uwe umefika kabla ya saa kumi.

Katika kupanda, hamia gia nyepesi mapema, kabla mlima haujakubana. Ukichelewa, cheni itakwaruza na huenda ikakatika. Kaa kwenye kiti, sogea mbele kidogo, viwiko viwe legevu. Ukisimama juu ya pedeli, gurudumu la nyuma hupoteza uzito na kuzunguka bure juu ya changarawe. Nenda kwa mwendo ambao ungeweza kuongea na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kushuka ndiko kwenye hatari

Wengi huogopa kupanda, lakini watu huumia katika kushuka. Sogeza makalio nyuma ya kiti, pedeli ziwe sambamba na ardhi, magoti na viwiko vikunjwe kidogo ili vimeze mishtuko. Shika breki kwa kidole kimoja au viwili, mbele na nyuma pamoja. Punguza mwendo kabla ya kona, wakati bado umenyooka. Ndani ya kona achia. Ukibana breki ya mbele huku umeinama juu ya vumbi laini, gurudumu litakimbia na wewe utabaki chini.

Usishikilie breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia zipoe, bana tena. Kwa breki za rimu, simama kila baada ya muda uguse rimu kwa tahadhari, ikichoma, pumzika. Rimu iliyopata moto sana huweza kupasua tyubu.

Itazame barabara mbali, si mbele ya gurudumu. Maji ya mvua huchimba mifereji inayokatiza barabara kimshazari. Ivuke kwa pembe ya mraba kadiri unavyoweza. Mchanga hukusanyika ndani ya kona. Na kila kona isiyoonekana upande wa pili, ichukulie kuwa kuna mtu.

Mara nyingi kweli yupo. Chukua mfano huu, ambao utakutana nao siku ya kwanza tu. Mama anateremka mbele yako na mzigo wa kuni kichwani, mita moja na nusu kwa upana, shingo imekaza, miguu inatafuta pa kukanyaga. Hawezi kugeuka. Ukimpigia kengele ukiwa mita tano nyuma, atashtuka, mzigo utazunguka pamoja naye na kukupiga kifuani, au utamwangusha. Kwa hiyo punguza ukiwa mbali, mita 30 au zaidi, salimia kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo mama, napita kulia kwako," ngoja aitikie, kisha pita kwa mwendo wa mguu. Inakugharimu nusu dakika. Yeye inamwepusha na kuanguka.

Adabu za njiani

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu ushike. Wasambaa ni watu wa salamu, na Kiswahili kitakufikisha kila mahali. Mpe mzee shikamoo yake hata kama umehema mpaka sauti imekauka. Mkiwa kundi, msienende ubavu kwa ubavu, na asiwepo wa kupita kimya akidhani wa mbele ameshasalimia kwa niaba ya wote.

Watoto watakukimbilia. Waitikie, lakini usigawe pipi wala sarafu, maana wanaokuja baada yako watakuta watoto wanaingia barabarani kuzuia baiskeli. Ukitaka kutoa, nunua: chai kwa mama ntilie, mapeasi ya msimu, ndizi kando ya njia. Fedha ya baiskeli huingia vijijini kwa njia hiyo, na ndiyo inayomfanya mwanakijiji afurahie kukuona tena. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usipite katikati ya shamba kwa sababu tu njia inaonekana fupi.

Msituni kaa njiani na usichume kitu. Mimea kadhaa ya Usambara haioti penginepo duniani. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima asili yake ni milima hii na mingine ya jirani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao, na wataalamu wakaliita Saintpaulia. Shume ulikuwapo mwangati mwingi, na enzi za Wajerumani magogo yake yaliteremshwa kwa nyaya kutoka mlimani hadi Mkumbara, kwenye reli. Msitu uliobaki ni sehemu ya uliokuwapo, nawe unaruhusiwa kuupita. Takataka zako zote rudi nazo.

Chakula, maji na mkoba

Beba lita mbili za maji na ujaze kila upatapo nafasi. Maji ya chemchemi ni mengi na baridi, lakini mifugo hunywa hukohuko. Yachemshe au tia dawa. Kula kidogo kila saa kabla njaa haijakukamata: chapati iliyokunjwa na maharage, kiazi cha kuchemsha chenye chumvi, ndizi mbivu. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa hupatikana karibu kila kijiji. Mchana usitegemee mno. Bora uwe na akiba.

Kwenye mkoba mdogo weka tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, funguo za bolti za baiskeli yako, kiungo cha akiba cha cheni, mafuta kidogo, bendeji na dawa ya kidonda, taa, na noti ndogondogo. Vaa helmeti. Pakua ramani kwenye simu kabla, maana mabondeni mtandao hupotea, na mwachie mwenye nyumba ya wageni jina la kijiji unakokwenda.

Ukiharibikiwa usikoweza kutengeneza, uliza fundi baiskeli. Karibu kila kijiji chenye duka kina mmoja, na wengi wao hunyoosha rimu kwa macho na spana ya spoki tu. Mwachie afanye kazi yake bila kumharakisha, na mlipe bei anayosema. Na kama imeshindikana kabisa, bodaboda hubeba baiskeli na mwenyewe hadi Lushoto. Patana bei kabla ya kufunga kamba.

Anza na ndogo

Kama una wikendi moja tu, fanya Irente na Magamba, uiache Mtae kwa mara nyingine. Nenda na mtu mmoja au wawili mnaolingana mwendo, na yule wa polepole kuliko wote akae mbele. Barabara hizi hazina uzio wala bango la kumkataza mwendesha baiskeli. Zinabaki wazi kwa sababu wanaozitumia kila siku hawajaona ubaya kwetu, na kila mmoja wetu anayepita ana wajibu wa kulinda hali hiyo kwa wanaokuja nyuma yake.